Namna ya Kuifuata Tamthilia ya Kisasi Hadi Ikukolee

Tamthilia ya kisasi humnasa mtazamaji kwa siri anayokabidhiwa mapema. Tangu sehemu ya kwanza anajua yule msichana anayetabasamu mezani ni nani na amefuata nini, ilhali wenyeji waliomkaribisha, wakamwekea kiti na kumjazia glasi, hawajui lolote. Kila utamu unaofuata, iwe ni hofu ya kugunduliwa, raha ya kumwona mwenye kiburi akianguka, au huruma isiyotarajiwa kwa adui, unatoka kwenye siri hiyo. Ndiyo maana mtu anayeingia katikati ya hadithi, au anayesimuliwa mwisho kabla ya kuuona, huishia kusema kwamba tamthilia hizi ni za watu kuvaa vizuri na kurushiana maneno. Mavazi ameyaona sawasawa, lakini hakuijua siri inayoyapa maana.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala au Nachingwea anayetaka kuanza tamthilia ya namna hiyo na kuifuata mpaka imkolee kwelikweli. Mfano wangu mkuu ni Revenge, tamthilia iliyotungwa na Mike Kelley na kurushwa Marekani na kituo cha ABC kuanzia Septemba 2011 hadi Mei 2015. Ina misimu 4 na sehemu 89, imekwisha kabisa, kwa hiyo hakuna kusubiri mwaka mzima ili kujua fulani amepona au amekufa, na ufundi wake uko wazi kiasi kwamba anayejifunza kuifuata hiyo atazifuata nyingine zote bila shida.

Kisa chake ni hiki, na nitasema yale tu yanayosemwa mwanzoni kabisa. Kwenye fukwe za Hamptons, mashariki mwa Long Island katika jimbo la New York, ambako matajiri wa jiji huenda kupumzika majira ya joto, msichana anayejiita Emily Thorne anapanga nyumba iliyo jirani na jumba la familia ya Grayson. Jina lake la kuzaliwa ni Amanda Clarke. Alipokuwa mtoto, baba yake, David Clarke, alisingiziwa kwamba aliwafadhili magaidi walioangusha ndege ya abiria, akafungwa, na jina lake likachafuliwa nchi nzima. Waliomtwisha mzigo huo walikuwa mwajiri wake, Conrad Grayson, na mke wa mwajiri huyo, Victoria, ambaye David alikuwa akimpenda. Sasa binti amekuwa mtu mzima, amerudi kwenye nyumba ileile aliyokuwa akiishi na baba yake, na majirani zake hawamtambui. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hadithi hii yote imesimama juu ya maneno hayo.

Deni kwanza, mengine baadaye

Jambo la kwanza la kufanya ni kutazama sehemu ya kwanza bila kufanya kazi nyingine. Usiwe unachambua mchele, usiwe unajibu ujumbe kwenye simu. Dakika za mwanzo zinaonyesha sherehe ya uchumba ufukweni, mlio wa bastola na mtu aliyelala mchangani, kisha hadithi inarudi nyuma miezi 5 na kuanza upya. Aliyechelewa dakika hizo hatajua kwamba kila tabasamu analoliona baadaye linaelekea kwenye usiku ule, na jibu la swali hilo halifiki mpaka sehemu ya 15. Watazamaji wengi huuliza pia mtoto wa mfungwa amepata wapi fedha za kupanga nyumba ya namna ile. Jibu limo katika sehemu hiyohiyo ya kwanza: kijana mmoja aitwaye Nolan Ross alisaidiwa na David wakati hakuna mwingine aliyemwamini, na kampuni yake ilipotajirika, asilimia 49 ya hisa zilikuwa haki ya binti. Mambo haya mawili yakishikwa vizuri, msingi umekamilika.

Jambo la pili ni kuweka daftari. Najua wapo watakaoona ni kazi ya shule, lakini nimeona jinsi linavyobadilisha utazamaji wa watu sebuleni, na sitaacha kulipendekeza. Daftari la kawaida la kurasa chache linatosha. Andika jina la kila mtu aliyehusika na kumwangamiza David, andika alichofanya, kisha acha nafasi pana ya kuandika nani anajua siri ipi. Nafasi hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Katika tamthilia ya mapigano unahesabu maadui waliobaki. Katika tamthilia ya kisasi unahesabu nani amekwisha kujua nini, kwa sababu hatari haianzi mtu anaponyanyua silaha, inaanza anapoona picha ya zamani ukutani au anapomsikia mlevi akitaja jina lisilopaswa kutajwa. Mtu mwenye daftari hushtuka kabla ya muziki kumwambia ashtuke.

Sehemu chache za mwanzo zinakusaidia kulizoea daftari hilo, kwa kuwa karibu kila moja ina mdaiwa wake: katibu muhtasi wa zamani aliyetoa ushahidi wa uongo, rafiki wa kazi za fedha aliyemgeuka David, mwendesha mashtaka ambaye sasa ni seneta, na mtaalamu wa saikolojia aliyemshawishi mtoto mdogo kwamba baba yake ni mwovu. Anakuja, analipizwa, picha yake inapigwa mstari mwekundu, tunakwenda kulala. Mpangilio huo ni mtamu, na kuna watu ambao hupoteza hamu hadithi inapouacha. Ningewasihi wasikimbie, kwa sababu pale ndipo tamthilia inapoanza kuwa na uzito. Malipo yanaanza kuwagusa watu ambao majina yao hayamo daftarini: mtoto wa adui ambaye hakuwa na kosa, rafiki wa utotoni, dada asiyejua undugu wake. Waandike nao, kwenye ukurasa wao peke yao, kwa sababu hao ndio watakaokuumiza.

Hapa inafaa nieleze chimbuko, maana linasaidia kuona ufundi. Revenge inachota kutoka kwenye riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas, The Count of Monte Cristo, ambayo ilitoka kwa vipande gazetini Paris kati ya 1844 na 1846. Wasomaji wa gazeti lile walikuwa wakisubiri kipande kijacho kwa shauku ileile tunayosubiria sehemu ijayo sisi. Katika riwaya, baharia aliyefungwa kwa kusingiziwa ndiye anayetoroka, anapata utajiri, anabadili jina na kurudi kula meza moja na waliomuuza. Tamthilia imehifadhi utajiri, jina jipya na meza, lakini imebadili jambo moja kubwa: aliyefungwa ni baba, na anayelipiza ni binti. Kisasi chake ni cha kurithi. Hakuyaona mengi kwa macho yake, ameyasoma kwenye shajara alizoachiwa sandukuni, na kwa hiyo kila mara kuna nafasi ya kujiuliza kama shajara hizo zilimwambia yote na kama mwandishi wake angependa haya yanayofanywa kwa jina lake.

Huku kwetu swali hilo linapata sura yake. Nimemsikia bibi mmoja wa Kimakonde, mara tu alipoelezwa kwamba mtoto alipelekwa kulelewa na watu baki baada ya baba kukamatwa, akauliza, "Na wajomba zake walikuwa wapi?" Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hilo ndilo swali la kwanza, wala halitoki nje ya mada. Liandike daftarini. Upande wa mama haujasahauliwa na watunzi, na anayeuliza mapema atakuwa tayari.

Kumtafsiria mama, bibi na wengine sebuleni

Tamthilia hizi nyingi zimeigizwa kwa Kiingereza, na sebule nyingi za Mtwara zina watu wa aina mbili: waliosoma wanaofuata maandishi chini ya picha, na wazee ambao hawafuati maandishi wala lugha, lakini wanajua tabia za watu kuliko sisi sote. Kuwaacha nje ni hasara kwa kila mmoja. Mwanamke aliyeishi na mke mwenza, aliyewahi kunyang'anywa shamba la mikorosho na shemeji zake, au aliyekaa miaka kumi akimwamkia jirani aliyemtenda, ataona uso wa mhusika na kujua kinachokuja kabla yako. Kwa hiyo mtu mmoja lazima awe mtafsiri, na kazi hiyo ina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kutotafsiri kila sentensi. Anayejaribu kufanya hivyo huachwa nyuma na picha, kisha kila mtu hukasirika. Tafsiri vitu vitatu: ahadi, uongo na majina. Mhusika akiahidi jambo, sema. Akidanganya, sema alichodanganya na ukweli tunaoujua. Jina jipya likitajwa, eleza ni la nani na liko wapi kwenye daftari. Salamu, sifa za chakula na mazungumzo ya hisa yapite, nyuso zinatosha.

Kanuni ya pili inahusu majina yenyewe, na katika Revenge ni ya lazima. Msichana wetu ana jina la kuzaliwa na jina la kujipachika, na kabla msimu wa kwanza haujafika mbali utakutana na mtu mwingine ambaye naye ana haki na mojawapo ya majina hayo. Nimeona watu wazima wenye akili timamu wakichanganyikiwa hapo na kukata tamaa. Dawa yake ni kuacha majina ya Kiingereza na kutumia desturi yetu. Msichana aitwe Binti David tangu usiku wa kwanza, na asiitwe kwa jina lingine hata wahusika wanapomwita vingine. Victoria awe Mama Daniel, kwa jina la mwanawe wa kiume, na mumewe awe Baba Daniel. Nolan anaweza kubaki Nolan kwa kuwa hafanani na mtu. Utashangaa jinsi hadithi inavyonyooka: bibi akisikia kwamba Binti David amekubali kuchumbiwa na Daniel, hahitaji maelezo zaidi, ameshajua kwamba msichana anaolewa kwenye nyumba iliyomwangamiza baba yake.

Kanuni ya tatu ni ngumu kwa vijana: mtafsiri asitazame mbele kabla ya wenzake. Akiijua sehemu ya kesho, sauti yake itamfichua. Atasita kwenye jina fulani, atacheka mapema, atamwonea huruma mtu ambaye bado hajapata matatizo. Wazee wanasikia vitu hivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata inapaswa kuingia mtungini pamoja na wengine.

Kuhusu watoto, nitasema kwa ufupi. Nchini Marekani tamthilia hii ilipewa alama ya kuwatahadharisha wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 14, na mimi naona alama hiyo ni ya haki. Ina mauaji, ina mapenzi ya watu wazima, na ina namna ya kusema uongo kwa ustadi ambayo mtoto anaweza kuiona kama ushujaa. Subirini wadogo walale.

Namna ya kusikiliza maneno ya sebuleni kwao

Mtu aliyezoea filamu za mapigano, ambazo ndani yake steringi humpiga adui na mambo yakaisha, anahitaji kuzoeza sikio lake. Hapa mapambano makubwa hufanyika watu wakiwa wameketi, wakinywa chai, wakisifiana. Victoria hasemi kwamba anamchukia msichana. Anamsifu gauni kwa namna ya kumkumbusha kwamba si la kiwango cha nyumba ile. Msichana anashukuru kwa unyenyekevu, na ndani ya shukrani yake mna neno ambalo Victoria atalikumbuka usiku kucha. Sisi wa pwani tuna faida hapa kuliko watazamaji wengi duniani. Aliyekulia mahali ambapo mwanamke huchagua kanga ya kuvaa kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa chini yake, akapita mbele ya nyumba ya hasimu wake bila kusema kitu, na aliyehudhuria taarabu ambako mtu humtunza mwimbaji fedha huku akimwangalia mwingine, hana haja ya kufundishwa kijembe ni nini. Sikiliza mazungumzo ya Victoria na Emily kwa sikio hilohilo: nani ametupa neno, limemfikia nani, na nani kati ya waliokaa hapo hajajua kwamba limetupwa.

Mtazame Victoria kwa makini zaidi ya mtu mwingine yeyote. Madeleine Stowe, aliyemwigiza, aliteuliwa kugombea tuzo ya Golden Globe mwaka 2012 kwa kazi hiyo, na ukimwangalia mikono na shingo utaona kwa nini. Yeye huacha ukimya uwe mrefu mno kabla ya kujibu, kisha anajibu swali ambalo hakuulizwa. Nasema kwa moyo wote kwamba tamthilia ya kisasi inasimama au kuanguka kwa adui wake. Emily VanCamp, anayeigiza msichana, anafanya kazi ngumu ya kuficha uso siku zote, na uso unaofichwa unahitaji mbele yake uso unaotafuta. Ukiona umeanza kumwelewa Mama Daniel, hata kumwonea uchungu kwa jinsi alivyompenda David na bado akamtoa, usijilaumu na wala usidhani umekosea upande. Hadithi imefika mahali ilipokusudia kukufikisha.

Mabishano ya sebuleni baada ya sehemu kwisha yaruhusuni. Wapo watakaosema msichana angekwenda mahakamani, wapo watakaosema angemwachia Mungu, wapo watakaosema amechelewa. Mpeni kila mtu nafasi ya kusema, na sahani ya ming'oko na chumvi na pilipili ikiwa katikati, mazungumzo hayo huwa marefu kuliko sehemu yenyewe. Jambo moja nalikataza: kuhamisha hadithi kwa watu wa mtaani kwa kuwataja. Sebule ikianza kusema kwamba fulani wa Chikongola au wa Rahaleo ndiye Mama Daniel wa hapa, siku hiyo kuna mtu ataumia bila sababu.

Umeme, bando na ratiba

Sehemu moja ya Revenge ina takriban dakika 43, kwa kuwa nafasi ya saa nzima kwenye televisheni ya Marekani hugawanywa na matangazo ya biashara. Msimu wa kwanza wenye sehemu 22 unakula karibu saa 16, na tamthilia nzima karibu saa 64. Hesabu hii ni muhimu kwa anayetumia bando la simu, kwa sababu video ya ubora wa kawaida hutumia kati ya nusu GB na GB 1 kwa saa, na ubora wa juu hutumia zaidi sana. Weka mipangilio ya ubora wewe mwenyewe, usiiachie programu ijichagulie, na kama programu inaruhusu kupakua, pakua usiku mahali penye mtandao mzuri kisha utazame bila kuunganishwa. Tumia njia iliyolipiwa kihalali. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za filamu, na anayependa hadithi hana sababu ya kumnyima mtunzi jasho lake.

Umeme ukikatika katikati ya sehemu, msimalizie kwenye simu ya mtu mmoja huku wengine wakisimuliwa. Ahirisheni. Simulizi ya mtu mmoja haibebi nyuso, na sehemu iliyosimuliwa haiwezi tena kutazamwa upya kwa mshtuko ule uliokusudiwa. Andikeni daftarini dakika mliyoishia, basi.

Kwa ratiba, ninapendekeza sehemu mbili kwa usiku, mara tatu kwa wiki, baada ya sala ya Isha na chakula. Kwa mwendo huo msimu wa kwanza unakwisha katika wiki zisizofika nne, na mtu anapata siku za kati za kufikiri, kubishana na kukumbuka. Wanaotazama sehemu nane kwa mkupuo hukumbuka mauaji na kusahau sababu zake, na tamthilia ya kisasi bila sababu ni kelele. Kwa walio Tandahimba, Newala na vijiji vya Lindi vinavyoishi kwa korosho, msianze katika miezi ya kuokota, Oktoba hadi Desemba. Mtu aliyeinama chini ya mikorosho tangu alfajiri hafiki hata nusu ya sehemu kabla ya usingizi kumchukua, naye hatakubali kwamba alilala.

Kisha kuna tatizo la kusimama. Kila sehemu imejengwa ili imalizike mlango ukifunguliwa, barua ikisomwa au mtu akianguka, na mkono unakwenda kwenye rimoti wenyewe. Kuna njia inayofaa kuliko kujilazimisha. Usikate mwisho wa sehemu. Kata ndani ya sehemu inayofuata. Endelea dakika 8 au 10, mpaka ule mlango umeshapitwa na nani kaingia ameshajulikana, na mandhari mapya ya utulivu yameanza, halafu zima hapo. Mwili utakubali kulala kwa sababu swali la usiku huo limejibiwa, na kesho mtaanzia mahali pasipo na presha. Mimi sijaona kanuni nyingine inayowasaidia watu wenye kazi za asubuhi kama hii.

Muhtasari unaotangulia kila sehemu una matumizi mawili yanayopingana. Wanaotazama baada ya siku mbili tatu wautazame, kwa kuwa hurudisha mambo yanayohitajika usiku huo. Wanaotazama sehemu mbili mfululizo wauruke kwa ile ya pili, kwa sababu muhtasari huchagua, na ukiona umerudishiwa mtu ambaye hamkumwona kwa wiki tatu, umeshajua kwamba yumo mlangoni anabisha hodi.

Baada ya msimu wa kwanza

Nitakuwa mkweli kuhusu misimu mingine, kwa kuwa watu wengi huacha bila kujua kama waliacha mahali pabaya au pazuri. Msimu wa kwanza ndio bora, na mtu mwenye muda mchache anaweza kuutazama huo peke yake akaridhika. Msimu wa pili unaleta kundi la siri lenye nguvu kubwa nyuma ya pazia, na kwa maoni yangu hapo hadithi inapoteza kitu, kwa sababu deni la mtu kwa mtu linageuka kuwa deni la watu tusiowajua nyuso zao. Mike Kelley aliondoka baada ya msimu huo, na uongozi wa tamthilia ukashikwa na Sunil Nayar. Hata hivyo usiruke msimu wa pili wote ukaingia wa tatu. Kuna vifo ndani yake ambavyo vinaeleza hasira ya watu wawili hadi mwisho wa tamthilia, na asiyeviona atadhani watu hao wamebadilika bila sababu. Utazameni kwa mwendo wa haraka zaidi, sehemu tatu kwa usiku kama mnaweza, na mambo ya lile kundi msiyaandike kwa kina daftarini.

Msimu wa tatu unarudi nyumbani, kwenye majumba mawili yanayotazamana na harusi inayosubiriwa, na nusu yake ya kwanza inakaribia kabisa ubora wa ule wa kwanza. Msimu wa nne unabadili swali lenyewe la hadithi kwa namna ambayo siwezi kuieleza bila kuwaharibia. Nitasema hili tu: kabla ya kuuanza, fungueni upya ukurasa wa kwanza wa daftari na kusoma kila mlichoandika kuhusu David Clarke, nani aliwaambia, na nani hakuwahi kuulizwa.

Wanaopenda tamthilia za Kituruki wana zawadi ya ziada. Mwaka 2013 kituo cha Kanal D cha Uturuki kilianza kurusha İntikam, iliyotengenezwa upya kutoka Revenge, Beren Saat akiwa mhusika mkuu. Itazameni baada ya kumaliza ile ya Marekani na si kabla, tena baada ya mapumziko ya mwezi au miwili ili nyuso za awali zififie. Mwendo wake ni wa taratibu, na familia hukaa pamoja mezani muda mrefu zaidi. Mtafsiri atahitaji majina mapya ya kinyumbani kwa wahusika wote, na bibi ndiye apewe kazi ya kuyatoa.